Bagnoregio na Civita: Mji Uliokaa Juu ya Udongo

Katika parokia nilikokulia, kwenye Bonde la Kilombero, ilikuwa vigumu kukosa mtu aitwaye Bonaventura. Mmoja alikuwa seremala, mwingine katekista, na wa tatu alikuwa mvuvi aliyebatizwa ukubwani na kulichagua jina hilo, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu lilikuwa refu na hakuna mtu angelidharau. Mapadri Wakapuchini kutoka Uswisi, waliotumika kwetu kwa miaka mingi, ni wa familia ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kwa hiyo walikuja na watakatifu wao. Kitabu kidogo cha maisha ya watakatifu kilichokuwa sakristia kilisema kwamba Bonaventura alizaliwa Bagnoregio, Italia, wala hakikuongeza neno. Nilipopata nafasi ya kusoma Viterbo, nikaona kwenye ramani kwamba Bagnoregio iko umbali wa kama kilomita 30 tu kutoka chumbani kwangu. Nimekwenda mara nne hadi sasa, na haya ninayoyaandika ni matokeo ya safari hizo pamoja na yale niliyojifunza katikati yake.

Kwanza niondoe utata wa majina, kwa maana wageni wengi huchanganyikiwa hapo. Bagnoregio ya leo ni mji mdogo wa kawaida wenye shule, maduka na kituo cha basi. Civita ni kijiji kilicho juu ya kilima kilichojitenga, ambacho hufikiwa kwa daraja la watembea kwa miguu peke yake, nacho ndicho kinachoonekana kwenye picha zote. Hata hivyo, kwa karne nyingi mambo yalikuwa kinyume: Civita ndiyo iliyokuwa mji wenyewe, na jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo, wakati mahali ambapo leo basi linasimama palikuwa kitongoji cha pembezoni kilichoitwa Rota. Historia yote ya mahali hapa ni habari ya namna kitongoji kilivyokuwa mji na mji ukawa kitongoji, na sababu ya mageuzi hayo iko chini ya miguu ya watu.

Mji huu uko kaskazini mwa mkoa wa Lazio, kama kilomita 120 kutoka Roma, karibu na mpaka wa Umbria. Upande wa magharibi kuna Ziwa Bolsena, na upande wa mashariki ardhi inateremka kuelekea bonde la Mto Tiber. Zaidi ya miaka milioni moja iliyopita sehemu hii ilikuwa chini ya bahari, na bahari hiyo iliacha tabaka nene la udongo wa mfinyanzi wenye rangi ya kijivu, ambao hadi leo ukiuchunguza vizuri unaweza kukuta ndani yake vipande vya maganda ya viumbe vya baharini. Baadaye, kuanzia miaka ipatayo 600,000 iliyopita, volkeno za Vulsini zililipuka mara nyingi na kufunika udongo huo kwa majivu na vipande vya mawe, tabaka juu ya tabaka. Ardhi iliyokuwa juu ya hifadhi za magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipodidimia, pakabaki bonde kubwa la mviringo, kama ilivyotokea Ngorongoro, isipokuwa kwamba la huku lilijaa maji na kuwa Ziwa Bolsena lenye eneo la takriban kilomita za mraba 114.

Majivu yale yalishikamana yakawa jiwe linaloitwa tufu. Ni jiwe la rangi ya kahawia inayoelekea manjano au nyekundu, jepesi, lenye vitundu, ambalo mtu mwenye sururu anaweza kulichonga bila kuvunjika mgongo. Aliyewahi kuona mawe ya matumbawe ya pwani yetu, ambayo huchongwa yakiwa bado mabichi na laini, kisha yakakakamaa kwa hewa, ataelewa upesi kwa nini watu wa hapa walilipenda tufu. Ukuta, ghala, kaburi na kisima vyote vilitoka katika jiwe moja, na mara nyingi chumba cha chini cha nyumba ndilo shimo lililotoa mawe ya ghorofa ya juu.

Tatizo liko pale tufu linapokutana na udongo. Maji ya mvua hupenya tufu kwa urahisi, lakini yakifika kwenye udongo hukwama, huulainisha, kisha hutafuta njia ya kutokea pembeni. Wakati huohuo vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido, vinakula bonde kutoka pande zote mbili za kilima. Majina yenyewe yana maana ya kijito cha maji maangavu na kijito chenye tope, na baada ya mvua kubwa sidhani kama tofauti hiyo inaonekana. Udongo ukishaliwa chini, ukingo wa tufu hubaki bila tegemeo, hupasuka wima kutoka juu hadi chini, na siku moja kipande kizima huanguka bondeni pamoja na chochote kilichojengwa juu yake. Kilima hakiporomoki kama mlima wa tope unaoteremka. Kinamegwa kando kando, kama mkate unavyomegwa na watoto ambao hawataki mama ajue.

Katika safari yangu ya pili niliokota bonge la udongo mkavu kando ya njia inayoshuka bondeni, gumu kiasi kwamba sikuweza kulivunja kwa vidole, na pamoja nalo kipande cha tufu cha ukubwa huohuo. Niliporudi Viterbo nilivitia vyote viwili katika bilauri mbili za maji. Tufu lilitoa mapovu kidogo, likanywa maji, likatulia. Bonge la udongo lilianza kuchanika kingo zake mara moja, likamwaga vigae vidogo vidogo kama gamba la kitunguu, na nilipomaliza kupika chakula cha jioni halikuwa bonge tena bali uji wa kijivu uliokaa chini ya bilauri. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikifikiri juu ya Mathayo sura ya 7, ambamo mtu mwenye akili anajenga nyumba yake juu ya mwamba. Waliojenga Civita nao walijenga juu ya mwamba. Ambalo hawakuuliza ni mwamba wenyewe umekaa juu ya nini.

Pengine ninawaonea. Waanzilishi wa mji huu, miaka ipatayo 2,500 iliyopita, walikuwa Waetruski, taifa lililotawala sehemu hii ya Italia kabla ya Roma kupata nguvu, nao walikuwa mafundi wa tufu kuliko yeyote aliyewafuata. Walichonga visima, mapango na mifereji ndani ya mwamba, na njia ya chini kwa chini iitwayo Bucaione, inayopita chini ya kijiji na kumtoa mtu upande wa bonde la makorongo, inahesabiwa kuwa kazi yao. Kilima chenye kingo wima pande zote hakikuhitaji ngome, udongo wa volkeno uliokizunguka ulifaa mizabibu na mizeituni, na njia ya kutoka ziwani kwenda Tiber ilipita karibu. Mwaka 264 KK Warumi waliuharibu mji mkuu wa Waetruski wa eneo hili, Volsinii, ambao wataalamu wengi wanauweka Orvieto ya leo, na tangu hapo kilima cha Civita kikawa cha Roma kama vingine vyote.

Mapango hayo bado yanatumika, na mengine yamekuwa mikahawa. Katika moja nililoingia kulikuwa na jiwe la mviringo la kusagia zeituni, kubwa kama gurudumu la trekta, lililokuwa likizungushwa na punda. Mama mwenye mkahawa alikuwa anachoma vipande vya mkate juu ya makaa na kuvimiminia mafuta ya zeituni. Nilimwuliza punda aliingizwaje humo ndani, kwa kuwa mlango ni mwembamba na ngazi zinateremka. Akacheka, akasema, "Aliingizwa akiwa mdogo, mwanangu, akakulia humu." Sijui kama ni kweli au ni mzaha wa kuwaambia watalii, ila nilitazama ule mlango tena wakati wa kutoka, na kwa kweli punda mzima angepata shida.

Jina Bagnoregio linatokana na maneno ya Kilatini Balneum Regis, yaani bafu la mfalme. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba mfalme Desiderius wa Walombardi alipona ugonjwa kwa kuoga katika chemchemi za moto za hapa. Ni hadithi nzuri, lakini tarehe zake zinagombana, kwa sababu Desiderius alitawala katika karne ya 8, na barua za Papa Gregori Mkuu zinautaja mji kwa jina hilo tayari karibu na mwaka 600, tena ukiwa na askofu wake. Katika matamshi ya watu jina lilifupika likawa Bagnorea, na mwaka 1922 ndipo likarudishwa rasmi katika sura ya Bagnoregio.

Basi tufike kwa Bonaventura. Alizaliwa Civita mnamo 1217 au miaka michache baadaye, jina lake likiwa Giovanni Fidanza. Akiwa mtoto aliugua karibu kufa, mama yake akamwekea nadhiri kwa Fransisko wa Asizi, akapona. Jambo hili analisimulia mwenyewe katika maisha ya Fransisko aliyoyaandika baadaye. Alisoma na kufundisha Paris, akawa mkuu wa shirika la Ndugu Wadogo, yaani Wafransisko, mwaka 1257, kardinali mwaka 1273, akafariki tarehe 15 Julai 1274 huko Lyon, Mtaguso Mkuu, yaani mkutano wa maaskofu wa Kanisa zima, ukiwa bado unaendelea. Papa Sisto wa 4 alimtangaza mtakatifu mwaka 1482, na mwaka 1588 Sisto wa 5 akampa hadhi ya Mwalimu wa Kanisa. Nilikuwa nimejiandaa kuiona nyumba yake. Niliuliza njia, nikaelekezwa ukingoni, nikakuta kibao, kipande cha ukuta, na baada ya ukuta hakuna kitu isipokuwa hewa na bonde. Nyumba alimokulia mtakatifu ilianguka siku nyingi pamoja na mwamba wake. Nilipiga picha ya ile hewa nikawatumia nyumbani, na katekista wa kwetu akajibu kwa kuuliza kama nilikuwa nimekosea njia.

Kutoka enzi za kati kimebaki hasa kitu kimoja kinachostahili kutazamwa kwa utulivu, nacho ni mlango wa Santa Maria, wa pekee unaomwingiza mgeni kijijini. Pembeni mwa upinde wake kuna simba wawili wa mawe, kila mmoja akiwa ameshika kichwa cha binadamu kwa makucha. Vichwa hivyo ni vya Wamonaldeschi, ukoo wa kikabaila kutoka Orvieto uliowakandamiza watu wa hapa, hadi mwaka 1457 walipoasi na kuibomoa ngome yao. Mvua imewalamba simba wale hadi nyuso zao zinafanana na za mbwa wapole, lakini vichwa vilivyo chini yao bado vinaonekana kuwa na hofu.

Kisha kikaja kilichobadilisha kila kitu. Tarehe 11 Juni 1695 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji. Nyumba na konventi zilianguka, kingo za kilima zikamegeka, na njia ya ardhi iliyokuwa ikiunganisha Civita na Rota, ambayo wakati huo ilikuwa mgongo mwembamba wa udongo na tufu, ikadhoofika. Katika miaka michache iliyofuata askofu alihamishia kiti chake Rota, na ofisi za utawala wa mji zikahamia huko. Kanisa la San Donato, lililokuwa kanisa kuu, likabaki kuwa kanisa la kijiji.

Vibao vya utalii vinasema kwamba mji uliuawa na tetemeko na mmomonyoko. Mimi sikubaliani navyo kikamilifu. Miji mingi ya Italia imeangushwa na matetemeko ikajengwa upya palepale, na Civita yenyewe bila shaka ilikuwa imeshuhudia maporomoko mengi kabla ya 1695 bila watu kukimbia. Kilichokuwa kipya ni kwamba askofu na watawala waliona ng'ambo kuna ardhi tambarare, wakaamua. Ofisi zikihama, mtu mwenye kesi, mwenye mtoto wa kubatizwa na mwenye nguo za kuuza wote wanalazimika kuvuka, na anayevuka kila siku mwishowe atauliza kwa nini arudi kulala upande wa pili. Udongo ulifanya kazi yake polepole kwa maelfu ya miaka, lakini uhamisho ulimaliza katika kizazi kimoja au viwili kazi ambayo udongo haukuwa umeimaliza. Nitaongeza kwamba Rota nayo haikubaki na askofu milele, kwani mwaka 1986 jimbo la Bagnoregio liliunganishwa na la Viterbo.

Mgongo ule wa ardhi uliendelea kumegeka katika karne zilizofuata, hadi watu wakahitaji daraja pale ambapo mababu zao walipita na mikokoteni. Mwaka 1944, Wajerumani wakirudi nyuma, walililipua daraja lililokuwapo. Hili la sasa, la zege, lilifunguliwa mwaka 1965, lina urefu wa kama mita 300, na linapanda kwa ukali kuelekea mlangoni, kiasi kwamba watu wengi wakifika theluthi ya mwisho huanza kujifanya wanapiga picha ili wapumue. Magari hayapiti. Saruji, vinywaji, mitungi ya gesi na taka za mikahawa huvushwa kwa pikipiki na vigari vidogo vilivyoruhusiwa. Zamani mizigo yote ilikuwa juu ya punda. Kumbukumbu ya punda hao imehifadhiwa katika mashindano yaitwayo Tonna, ambayo hufanyika Jumapili ya kwanza ya Juni na ya pili ya Septemba, ambapo punda hukimbizwa kuuzunguka uwanja wa San Donato uliotandazwa changarawe. Niliyashuhudia ya Septemba. Punda mmoja alisimama mbele ya ngazi za kanisa akakataa katakata kuendelea, na umati ukampigia makofi kuliko ulivyompigia mshindi.

Mwandishi Bonaventura Tecchi, mzaliwa wa Bagnoregio, ndiye aliyeipa Civita lakabu ya mji unaokufa, na lakabu hiyo imeutendea mji jambo ambalo sidhani kama alilitarajia. Mwaka 2013 halmashauri ilianza kutoza kiingilio cha yuro 1.50 kwa kila mgeni anayevuka daraja, jambo lililokuwa geni Italia, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi yuro 5. Watu walikuja zaidi. Karibu na mwaka 2010 wageni walikuwa kama 40,000 kwa mwaka. Miaka michache kabla ya UVIKO-19 walikuwa wamepita laki kadhaa. Wakazi wa kudumu wa Civita hawafiki 20, na wakati wa baridi ni wachache zaidi, lakini mapato ya daraja yaliiwezesha halmashauri kuwaondolea watu wa Bagnoregio kodi za manispaa. Huu ndio mji wa kwanza niliouona ambao kufa kwake kunalipia taa za barabarani. Silaumu, ningekuwa diwani wa huko ningepiga kura hiyohiyo. Ila Jumamosi moja ya Mei, nikiwa nimebanwa katikati ya daraja na vikundi vitatu vya watalii, nilijikuta nikiwaza uzito wetu sote.

Ukitaka utulivu ingia katika makumbusho ya jiolojia na maporomoko, yaliyofunguliwa mwaka 2012 ndani ya jumba la Alemanni, hapohapo uwanjani. Wageni wengi wanaipita bila kuingia. Ndani kuna mifano inayoonyesha jinsi kilima kilivyopungua na jinsi wahandisi wanavyojaribu kukishikilia, ikiwa ni pamoja na vyuma virefu vinavyopenyezwa ndani ya tufu ili kufunga nyufa. Kazi hizo hazimalizi tatizo, kwa sababu mvua hainyeshi kwa mkataba, lakini zinapunguza kasi.

Safari yangu ya nne ilikuwa Ijumaa Kuu. Katika kanisa la San Donato kuna msalaba wa mbao wa karne ya 15, ambao inasimuliwa kwamba wakati wa tauni ya mwaka 1499 ulizungumza na mwanamke mcha Mungu na kumwambia kwamba tauni inakwisha. Kila Ijumaa Kuu sanamu ya Kristo hushushwa msalabani, hubebwa kuvuka daraja hadi Bagnoregio kwa maandamano, kisha hurudishwa. Sharti la zamani ni kwamba isiporudi Civita kabla ya saa sita ya usiku, watu wa Bagnoregio wana haki ya kubaki nayo. Nilitembea nyuma ya wabebaji wakati wa kurudi. Upepo ulikuwa unatoka bondeni, mishumaa ikazimika yote, na daraja likawa giza isipokuwa taa chache. Hakuna aliyekimbia, lakini hatua zilikuwa ndefu kuliko za kwenda. Mzee aliyekuwa kando yangu alitazama saa yake mara tatu kabla ya mlango wenye simba. Tulipopita chini ya upinde ilikuwa saa tano na robo, na mzee akamgeukia mwenzake wa Bagnoregio aliyetusindikiza, akamwambia, "Mwaka huu tena, hamkupata."

"Tunasubiri," akajibu yule mwingine, akageuka kulivuka daraja kurudi kwake.